Mama wa Kwenye Simu

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya ndoa za watu najua kuyatazama kuliko kuyaeleza. Lakini hili nililiona mwenyewe hapa Marekani, pale Lanham, kwenye kiduka cha chakula cha Kichina ninakokata mboga. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Waliyosema kwa lugha yao, mke alinieleza baadaye, na pengine kuna nililolipotosha.

Wenye duka ni mke na mume, kwao wakulima wa kijijini. Mume yuko kwenye karai, mke dirishani kwa wateja. Binti yao alizaliwa hapa, akapelekwa China kwa bibi yake kabla hajaota jino. Nilishangaa, kisha nikajishangaa: kwetu Singida ni wangapi tumelelewa na bibi? Mke alisema wengi wa kijiji chao hufanya hivyo. Huwezi kubeba mtoto mgongoni huku mafuta yanaruka.

Binti alipotimiza miaka mitano aliletwa na mama mmoja wa kijijini kwao, aliyekuja kumtembelea mwanawe anayeishi huku. Mwezi ukiisha, yule mama atarudi China. Mtoto alikuwa analia tu. Mume akasema, "Akiendelea hivi, arudi naye. Bora awe na bibi kuliko kukonda hapa." Sikumwona mkatili. Aliyasema ameinamia karai, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kushinda. Siku ile mke alikosea oda za watu.

Kwao, kama sisi na shikamoo, mtoto akimwona mkubwa lazima amwite kwa cheo chake: shangazi, mjomba, mama. Kila asubuhi baba anamsimamisha mbele ya mkewe. "Mwite mama!" Mtoto anatazama viatu vyake. Mimi aliniita shangazi tangu siku ya kwanza.

"Dada mkubwa, umemhonga peremende?" mke akanitania.

"Ameona uzee wangu, mdogo wangu."

Akacheka, lakini aligeuka upesi.

Kumbe mtoto alikuwa na mama yake: yule wa kwenye simu. Kule kwa bibi, kila alipokula, simu iliegemezwa kwenye bakuli, na mama ndiye ule uso. Sasa alikaa juu ya gunia la mchele akiinyooshea kidole simu ya baba yake, anataka apigiwe mama. Na mama amesimama palepale, aproni imelowa.

Baba alikataa. "Akipewa simu, atamzoea mtu lini?" Mke alitaka apewe, akaniuliza naonaje. Nikaendelea kukata mboga. Kila mmoja wao alikuwa na hoja.

Mchana mmoja duka limepoa, mume katoka nje kupokea kuku, simu yake kaiacha mezani. Mke akanikonyeza, akaingia stoo na simu yake mwenyewe, akafunga mlango. Simu ya mume pale mezani ikalia. Nikaiegemeza kwenye bakuli la wali la mtoto, nikabonyeza. Uso ukatokea, magunia ya vitunguu nyuma yake. Mtoto akapiga kelele za furaha. Maneno yakamtoka mfululizo, akala bila kubembelezwa.

Kisha akageuza kichwa. Sauti ilikuwa inatokea kwenye simu na inatokea stoo. Akashuka, simu mkononi, akausukuma mlango. Mke hakumkimbilia. Aliendelea kuongea akiitazama skrini yake. Mtoto akatazama simu, akamtazama yeye, akavitazama vitunguu.

"Mama," akasema. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Sitaki kudanganya: sijui alimwambia yupi. Nilipogeuka, mume amesimama nyuma yangu na boksi la kuku. Nikajua leo tutagombezwa wote wawili.

"Mama mtoto," akasema taratibu, "kuna mteja dirishani. Wewe kaa. Nakwenda mimi."

Yule mama wa kijijini aliondoka mwisho wa mwezi, peke yake. Kwa wiki kadhaa mke na bintiye walikula meza moja, simu imewashwa katikati yao, uso wa mama kwenye skrini, na mume hakuikataza tena.