Siku Ng'ombe Walipozuia Maziwa

Saa tisa alasiri, mkamuaji anafika zizini na ndoo mbili na kigoda. Haanzi kazi. Anasimama mlangoni, anawakagua ng'ombe kumi na wanne mmoja mmoja: masikio, macho, taya.

"Wanacheua," anasema. "Basi tuko salama. Karibu ukae."

Wenzake humtania kwa jina la Mama Mtindi. Ni mjane mwenye mabinti wawili, na kwa miaka kumi na tisa amekamua kwa mikono, lita mia na ishirini kwa siku. Vidole vimepinda, havinyooki tena.

Mazoea ya kusimama mlangoni aliyapata miaka minne iliyopita, zizi lilipokuwa chini ya kilima. Mvua ilinyesha siku sita mfululizo. Ya saba, jua likawaka.

"Nikakuta kimya," anasimulia. "Ng'ombe hana kimya, bwana. Atatafuna, atapiga nzi kwa mkia. Siku ile nzi walitembea hadi machoni mwao. Wote wamekipa kilima mgongo, masikio wima. Viwele vimejaa, lakini ukivuta, hata tone!"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akikata majani pale pale. Akacheka. "Shemeji, leo wamegoma? Wanadai mshahara?"

Ndipo ng'ombe mzee kuliko wote akalisukuma lango kwa kifua. Mama Mtindi akalifungua. Wakatoka bila kusukumana, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaosindikiza jeneza, wakavuka barabara. Akawafuata.

"Tajiri atakufukuza!" shemeji akapiga kelele.

"Njoo huku wewe!"

"Ngoja nichukue kamba, tuwarudishe."

Akaingia ndani. Kilima kikaporomoka.

Walichimba siku mbili. Walimkuta ameishika kamba.

Daktari wa mifugo wa eneo hilo hataki kuapa. "Huenda walihisi ardhi ikisogea chini ya kwato," anasema. "Lakini ng'ombe huzuia maziwa hata akiogopa mbwa."

Mama Mtindi habishani naye. Kinachomkosesha raha ni kingine. "Nilimwita mara moja tu. Ningemshika mkono."

Mwezi uliopita, katika zizi hili jipya, ng'ombe waliacha kucheua ghafla, wakageuka wote upande mmoja. Aliwatoa watu wote nje, tajiri akiwemo, wakasimama mpaka jua likazama. Halikutokea lolote. Mpaka leo hajui walikuwa wanatazama nini.

"Walinicheka. Wacheke. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa vya watu."

Sasa anadunduliza ajenge vyumba viwili kwenye kiwanja jirani na zizi. Matofali mia tatu yako tayari. Fundi amemshauri mlango utazame barabara, kama nyumba za watu wengine.

"Nimemkatalia," anasema, akivuta kigoda. "Nataka nikifungua mlango asubuhi, kabla sijamsalimia mtu, niwaone wao kwanza."