Alifua Shati ya Marehemu, Akaikata Kadi za Besiboli

Na aliifua kwanza! Hapo njo hasira yangu iko, watu wasinichanganye. Aliitia kwa mashine na ile sabuni ya kunukia maua, akaipiga pasi, kisha njo akachukua makasi. Shati ya marehemu baba yake.

Admin wa grupu, unifiche jina, na huyu mutoto wangu umufiche pia, maana kanisani wanamusifu. Miye sikusoma, ninaongea tu kwa simu, wewe uandike. Niko na miaka sabini na kitu; kwa karatasi za kambi ya wakimbizi nilizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, kama nusu ya Wakongo wa Mount Druitt, huku Sydney. Ninaishi hapa na kijana wangu wa mwisho. Ninasema kijana, lakini ni mutu mukubwa na ndevu zake.

Bwana yangu alifariki kwa sukari, katikati ya lokdauni. Si korona, sukari! Lakini tulimuzika kama mutu wa korona, watu wa kuhesabu, kila mutu na barakoa, hakuna kuimba. Mudogo wake anakaa Brisbane, mipaka ilikuwa imefungwa, alizika kaka yake kwa simu. Sasa kwetu, siku ya kumaliza kilio familia inakutana, nguo za marehemu zinagawanywa, na shati yake ya heshima inaenda kwa mudogo wake. Nikasema sawa, tutangoja wafungue. Nikaiweka kwa valise, sanduku yangu ya safari, ile shati ya bluu alishuka nayo kwa ndege siku tulifika Sydney. Njo alivaa Jumapili yake ya mwisho. Sikuifua. Kila asubuhi nilikuwa ninafungua valise kidogo, ninanusa, ninafunga. Musicheke. Pua imezeeka, lakini ile harufu niliijua.

Huyu kijana anafanya kazi kwa stoo, Wetherill Park. Wenzake wa huko walimufundisha besiboli, ule muchezo wa kupiga mpira na fimbo, halafu unakimbia sana ili urudi pale ulitoka. Mpaka leo sijaelewa. Lokdauni ikafunga muchezo, akaanza kutengeneza kadi za wachezaji wenzake, kwa mukono, juu ya meza yangu ya kukulia. Anabandika karatasi ngumu juu ya ingine, mbele picha ya mutu, kisha kwa wembe anatoboa kadirisha kadogo na kuweka ndani kipande cha jezi ya yule mutu. Gundi kila mahali! Kuna siku sombe, majani ya muhogo, nilitoa soko ya Cabramatta, sombe nzuri, tulikula inanuka gundi. Nikamuuliza, hicho kitambaa ni cha nini?

"Mama, bila kitambaa ni picha tu. Inatakiwa jezi alichezea, ilikunywa jasho yake. Hapo kadi inakuwa ya mutu mwenyewe."

Mukumbuke hayo maneno.

Siku ingine ninarudi jioni, nilishinda kliniki tangu asubuhi, ninakuta meza yote imejaa uso wa bwana yangu. Kadi za besiboli! Muzee anacheka, na kwa kila kadi kale kadirisha, na ndani yake bluu.

"Sapraizi, Mama! Watu hawakuweza kuja kuzika. Kila mutu nitamutumia kipande chake kwa posta."

Nikachukua moja, nikanusa. Maua.

"Mbona haina harufu ya baba yako?"

"Niliifua, Mama. Ilikuwa chafu. Kitambaa chafu hakishiki gundi."

Chafu! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Wewe njo ulisema kadi inataka jasho! Jasho ya baba yako iko wapi? Uliimwaga kwa bomba!"

Akaanza kulia. Akanisomea nyuma ya kadi: timu yake ni nyumba yetu, nafasi yake ni mudakaji. Nikamwambia, muzee hajadaka mpira hata siku moja, wacha uongo. Akasema mudakaji ni yule anachuchumaa nyuma, anapokea kila kitu kinatupwa, hata cha kuumiza. Kweli alikuwa hivyo. Lakini hasira haikutoka, haijatoka.

Kadi zikaenda. Mudogo wake akapiga simu kutoka Brisbane. "Shemeji! Niko na kaka yangu mufukoni! Mulizaa mutoto nyinyi!" Analia, anacheka. Nimwambie nini? Kwamba shati yake nzima imekatwa, yeye amepewa kadirisha? Nikasema, "Tumushukuru Mungu." Meno nimekaza hivi.

Sasa ndugu wa Bukavu, wa Goma, waliobaki kambini, wote wanataka kadi. Na shati imeisha. Kijana anataka koti ya harusi yetu. "Hii sitaifua, Mama, ninaapa." Hiyo koti njo kitu cha mwisho kinanuka baba yake. Nikikataa, nimewanyima watu waliomulilia kwa simu. Nikikubali, miye nitabaki ninanusa nini? Nyinyi muliofiwa ile miaka, muniambie, ningefanyaje miye...

"Mama! Koti ya papa haiko kwa valise! Uliiweka wapi?"

Si munamusikia? Nimeivaa tangu asubuhi. Baridi ya huku inanisaidia, hakuna mutu ameniuliza.

"Ninakuja!"

Ngoja niende, Admin. Aikate na miye ndani yake.