Banasema sérum ilirudisha akili ya mama, lakini mi njo minalala naye

Admin, ufiche jina yangu. Majina yote nimebadilisha. Niko mwanamuke ya miaka makumi ine na tatu, naishi Makomeno, huku Lubumbashi, mu nyumba ya bazazi. Bwana yangu alikufaka, batoto banaisha kukomaa. Kazi yangu ni moja tu: kuchunga mama yetu, mwenye iko na maladie d'Alzheimer. Namuogesha, namulisha, na tunalala kitanda moja juu asitoke inje. Leo naandika na kasirani, tena zaidi ya kasirani. Nachukizwa.

Kulikuwa docteur mumoja ya kichwa ku hôpital, muntu ya kweli. Aliniambia: "Mama, ile dawa mupya munasikiaka ku téléphone iko kweli. Lakini iko kule Bulaya na Amerika, huku haiyafika. Tena ni ya bale benye banaanza tu kusahau. Inachelewesha ugonjwa, hairudishe chenye kiliisha kupotea. Na inaweza kuleta damu mu bongo, njo maana kule banapima kichwa na machine kila mara. Mama yako aliisha kupita ile fasi." Nililia pale pale, lakini nilimushukuru juu hakunidanganya.

Yaya Alphonse hakukubali. Yeye njo mutoto ya kwanza, njo mukubwa ya famille tangu baba alikufa. Akasema: "Béa, we unapenda mama akufe vile? Kuko clinique moja inapata dawa ya Bulaya." Kumbe ni clinique yenye yeye anatafutia bagonjwa juu ya feza! Tukafika, banamutia mama sérum ya manjano mu mushipa ya mukono, ile maji ya vitamine yenye kila muntu hapa Lubum anayua. Nikauliza: "Na machine ya kupima kichwa iko wapi?" Muntu mumoja ya clinique, wa blouse nyeupe, akacheka: "Mama, imani njo machine." Eee! Imani! Nilitaka kukamata mama tuende. Lakini niseme kweli, hata mi nilitumaini. Nilikuwa nachoka. Kila asubui nilikuwa namuangalia ku macho, nawaza pengine leo ataniita jina.

Sasa musikie. Kwetu, tangu tuko badogo, kila mangaribi mama alikuwa anapiga magoti na kutaja batoto bote vile tulizaliwa: "Maria, uchunge Alphonse, uchunge Véronique, uchunge Godé, uchunge Béa." Ile sala haikutoka mu kinywa yake mpaka leo. Hayue tena kushika kijiko, lakini umuulize batoto, majina yote inatoka bila kukosea. Anataja tu, hayue ni ba nani. Na Yaya anayua hii mambo muzuri sana, alikomalia mu ile sala sawa mi.

Na bado akaleta téléphone yake ku clinique. Akamuvalisha mama kikwembe mupya, akamukalisha pembeni ya sérum, akauliza: "Mama, batoto bako banaitwa nani?" Mama akataja. Yaya akalia mbele ya camera: "Muone! Alikuwa hatuyue tena! Dawa inafanya kazi!" Camera ilizimwa, mama akanigeukia, akanishika mukono na heshima yote, akaniuliza: "Mama, we unatokaka wapi? Batoto bako beko wapi?" Nikatoka inje kulia.

Vidéo ikatoka ku Facebook. Naangalia: Véronique haiko! Dada yetu, alikufaka angali mutoto. Mama alimutaja, nilisikia na masikio yangu. Yaya alikata ile fasi, juu bantu basiulize Véronique ni nani, eko wapi, na basione mama anataja tu sala yake ya zamani. Alimutosha dada yake mu kinywa ya mama! Na ni yeye anasomaka somo ku misa, na sauti kubwa! Vraiment, kuko bantu banakosa haya.

Nikamupigia: "Yaya, utoshe ile vidéo." Akajibu: "Béa, unyamaze. Ukifungua kinywa, nakuya kukamata mama, ataishi kwangu. Mi njo mukubwa." Na atafanya. Bibi yake, ule mwenye alioa, anasemaka mama ni mulozi, kule batamufungia mu chumba. Njo maana nilinyamaza.

Sasa bantu banatoka Kipushi, banatoka mpaka Lukafu na bazee babo, juu ya uso ya mama yangu. Na jana nyuma ya misa, Mama Chantal ya chorale yetu akafika kwangu na bwana yake. Uyu bwana anaanza tu kusahau: anapoteza funguo, anarudilia maneno. Docteur ya kweli alibaambia bafanye bipimo, juu pengine ni ugonjwa ingine yenye inaweza kupona. Banaacha bipimo, banataka sérum. Mama Chantal akanishika: "Béa, we njo unalalaka na mama. Mbele ya Mungu, ile dawa inafanya kazi?"

Nikaangalia chini. Mu mawazo nikaona mama yangu anafungiwa mu chumba ya bibi ya Yaya. Nikasema: "Mungojee kidogo, nitabajibu." Nikajichukia pale pale.

Njo ule bwana akasema pole pole: "Mwana, usikawie. Leo ningali nasikia, na nayua chenye unasema. Siku ingine utaambia bibi yangu peke yake, hata kama mi nakaa hapa."

Banarudia kesho asubui. Nikisema kweli, Yaya atanikamatia mama. Nikinyamaza, uyu muzee ataishia ku sérum ya manjano, na akili yake ingali. Bandugu ba hii page, tafazali, munijibu mbele bagonge ku mulango: nimuambie nini ule muntu?