Niliuza dekapotable yangu Kasongo, lakini kwanza mnunuzi aliijaribu kama sufuria

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema.

Kisa hiki kimenikuta mimi mwenyewe na sitatia chumvi, maana chumvi huku inafika kwa baiskeli na bei yake hairuhusu mchezo. Kiswahili changu ni cha Congo, mtanivumilia.

Nauza vipuri vya pikipiki sokoni. Ukinipa faranga naihesabu, halafu naihesabu tena mbele yako, na tunabaki marafiki.

Sasa, nyuma ya depo moja ya zamani ya pamba kulikuwa na gari lililoachwa tangu enzi za wakoloni. Dekapotable, zile gari ndogo za kifahari ambazo paa yake ni ya turubai, unaikunja nyuma upate upepo. Mwenye depo alikuwa anafugia kuku humo. Nikampa pikipiki mbovu, tukabadilishana.

Soko zima lilisema nimepigwa. Hata yeye alisema, tena kwa furaha.

Kuifufua kulichukua miaka mitatu.

Injini ilikuwa nzima, panya tu ndio walikuwa wamehamia. Kioo cha mbele kilitoka Kindu kwa pikipiki, kimefungwa ndani ya godoro, abiria amekikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Viti alishona fundi wa makoti. Rangi ni ya maziwa, na mstari wa kijani ubavuni.

Kazi ngumu ilikuwa paa. Mbavu za chuma zinazobeba turubai zilikuwa zimeliwa na kutu, na mpya hazipatikani popote.

Nikaenda kwa shemeji yangu Ramazani, msukaji wa viti vya kekele, ule mmea wa porini unaotambaa, mgumu kama waya. Tukakunja kekele kwenye moto, tukaunda mbavu mpya, tukavalisha turubai, tukapaka nta ya nyuki kwenye kila mshono.

Wakuu, inafunguka kama mwavuli! Kila asubuhi niliifungua na kuifunga mara mbili, bila sababu yoyote ya maana.

Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa ananitazama tu. Siku moja akasema:

"Baba Furaha, gari yako iko na paa ya kufungua na kufunga. Nyumba yako iko na paa ya kufungua tu."

Alikuwa na haki. Nyasi za nyumba yetu zilikuwa zimeoza na mvua ilikuwa njiani. Tukakubaliana gari liuzwe, tupate mabati.

Wa kwanza kufika alikuwa Djuma, kijana mchimba dhahabu kutoka Salamabila. Akalizunguka gari, akagonga boneti.

"Mukubwa, miye nataka moteri tu. Itasaga mawe yangu muzuri. Body ubakie nayo, kuku zirudi."

Kuku zirudi!

Nilitaka kumfukuza, lakini bei yake ilitosha mabati yote na misumari. Niliihesabu kichwani mara mbili, na mara zote mbili ikatosha. Hapo ndipo iliponiuma. Nikamwambia arudi siku ya soko kubwa. Mke wangu akatazama juu, kwenye tundu la paa.

Nikawa na siku chache za kumpata mtu atakayelitaka gari zima.

Nikamfuata Mama Zaina. Huyu anauza sufuria na mabati, na anakodisha viti na gauni za harusi mpaka Kabambare. Huku bibi harusi anapanda pikipiki, gauni imefungwa magotini, anafika na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia, Mama, fikiria bibi harusi anayefika mweupe.

Akaja siku ileile ya soko. Djuma naye alikuwa amesimama pale, moteri inamwasha mikono.

Nikataja mabati sitini. Mama Zaina akacheka mpaka akakaa.

"Baba Furaha, unajenga nyumba ao kathedrali?"

Tukavutana, tukafika arobaini na matano. Nyumba yangu inakula arobaini na mawili. Nikaanza kutabasamu mapema.

"Sasa mulete maji," akasema.

Kwa wasiojua: huku kwetu sufuria hainunuliwi kavu. Mnunuzi anaijaza maji palepale, anaiinua, anachungulia chini. Ikidondosha tone moja anakurudishia, na soko zima linakujua. Sasa kwa Mama Zaina, gari la paa ya turubai ni sufuria iliyogeuzwa.

Akatoa gauni nyeupe ya harusi, akaitandika kwenye kiti, akaketi kando yake, akafunga mlango.

"Nguo ikilowa, hakuna biashara. Mumwange maji!"

Djuma alinunua maji kwa faranga zake. Mabidoni mazima, yale madumu ya plastiki. Watu wa pikipiki wakapanda juu ya mabenchi, wakamwaga.

Ramazani ni Muislamu, mimi Mkatoliki. Yeye akaomba kwake, mimi kwangu, ili tusiache mlango wazi.

Turubai ikashuka katikati kama tumbo la mlafi. Kekele ikalia kriii. Djuma akapiga kelele, "Muongeze!" Wakaongeza. Kekele ikalia tena, halafu ikajinyoosha polepole, maji yote yakamwagika pembeni, mengi kwenye viatu vya Djuma.

Mlango ukafunguka. Mama Zaina akashuka, akaipitisha gauni shavuni. Akaigeuza, akaipitisha tena. Nikajua huyu ni mutu wa aina yangu.

"Kavu," akasema.

Soko likapasuka kwa vigelegele!

"Sasa miye nitasaga mawe na nini?" Djuma akauliza.

"Na meno," mtu akamjibu kutoka nyuma.

Bado nikadaiwa matabishi, nyongeza ambayo kila mnunuzi huku anaomba hata akinunua nyanya. Nikasema sina. Mke wangu akaniwahi: "Matabishi ni yeye. Ataendesha harusi ya kwanza."

Nikaendesha, wakuu, paa wazi, bibi harusi mweupe kama mihogo iliyomenywa, pikipiki zinapiga honi nyuma yetu. Watu wakaulizana gari ni la nani. Wakajibiwa la Mama Zaina. Ramazani akapaza sauti: "Paa ni yetu!"

Nilichojifunza: kitu ulichokiunganisha kwa mikono yako, usikubali haraka kukiuza vipande. Tafuta kwanza anayekitaka kizima. Na mtu akitaka kukijaribu, mpe maji mwenyewe.

Kama nawe umewahi kukataa bei nzuri na hukujuta, njoo useme hapa tucheke pamoja.

Naandika chini ya mabati mapya, mvua inapiga, simsikii mke wangu. Matatu yamebaki. Nimeambiwa Lusangi kuna banda la kuku lenye usukani.

Msimwambie.