Karavani Ambamo Baba Hakulala

Ni nini kilichomsimamisha baba yangu mbele ya mlango ule? Ulikuwa mlango mwembamba wa plaiwudi, aliouchonga na kuutia bawaba kwa mikono yake mwenyewe, na kwa ndani haukuwa na kufuli ila kikomeo kidogo cha shaba ambacho hata mimi, mtoto wa darasa la nne, ningeking'oa kwa bega. Mkononi alikuwa ameshika mtaimbo. Nilikuwa nimemwona akivunja kwa mtaimbo huo vitu vigumu kuliko mlango, na nilikuwa nimemwona akiumiza watu bila chombo chochote. Hakumstahi chifu. Mchungaji wa kanisa alipokuja kumwonya, alimtoa nje ya ua akimburura kwa kola yake nyeupe. Mtu wa namna hiyo alisimama hatua moja kutoka kwenye kizingiti, na hakuingia. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimepitia mengi yaliyoandikwa kuhusu mila, sheria na nafsi ya mwanadamu, na nimefika umri aliokuwa nao yeye na kuupita, jibu sijalipata.

Tuliishi Likuyani, kaskazini mwa Kakamega, katika shamba la mahindi ambalo kabla ya uhuru lilikuwa la Mzungu mmoja na baada ya uhuru likakatwa vipande, kila familia chake. Katika kipande chetu, nyuma ya ghala kuukuu, Mzungu aliacha karavani: nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, ya kukokotwa na gari, rangi yake ya maziwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Naikumbuka kwanza kwa harufu. Ukifungua tu, ilikupiga usoni harufu ya mkojo wa panya na sponji iliyooza, mafuta ya taa yaliyomwagika zamani, na chini ya hayo yote harufu tamu, kama ya unga wa maziwa, iliyonifanya niwafikirie watoto waliowahi kulala humo. Kuku wetu walikuwa wakitaga ndani ya sinki.

Baba aliijua karavani ile kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa dereva wa Mzungu huyo. Ndiye aliyeikokota hadi msitu wa Kakamega na hadi kingo za mto Nzoia, ambako familia ile ilikwenda kulala nje kwa starehe. Wao walilala juu ya magodoro. Yeye alilala chini ya gari, mvua ikimfuata kwa pembeni na oili ikimdondokea blanketini. "Niliwasikianga wakicheka huko ndani, taa imewaka," alituambia mara nyingi, na kila alipofika hapo taya lake lilikaza. Sasa karavani ilikuwa yake. Angeitengeneza upya ndani, aipeleke msituni, alale humo na mkewe na mwanawe, mvua inyeshe itakavyo. Majirani walicheka. "Mtu ana nyumba, ana kitanda, ana bibi," alisema mmoja wao, "halafu aende alale porini kama mchunga mbuzi aliyepotelewa?" Baba alimpiga ngumi moja ya mdomo, kisha akarudi kazini.

Alianza kwa kubomoa, na sijapata kuona kazi ikifanywa kwa ghadhabu namna ile. Ilikuwa baada ya palizi, wakati mahindi yamempita mtu kimo na mikono haina la kufanya shambani. Alichomeka mtaimbo nyuma ya makabati ya zamani, akauegemea kwa kifua, na misumari ikatoka ikilia kama nguruwe anayechinjwa. Panya waliruka kutoka kwenye viti. Aliwaponda kwa buti bila hata kusita katika alichokuwa akikisema. Ukutani palikuwa na kioo cha kujitazamia, kizima, kisicho na doa. Mama alimwomba akiache. Alikipiga nyundo katikati, akasema, "Sitaki uso wake humu." Viganja vyake vilitoka damu, hakuvifunga. Jioni ua wetu ulionekana kama mahali palipochinjiwa mnyama mkubwa: matambara, vigae, nyaya, na sponji zilizotapakaa kama utumbo.

Kisha akaanza kujenga, na hapo ndipo Mama alipoingizwa kazini. Ni lazima niseme kwamba kazi ile ilikuwa nzuri. Harufu ya panya iliondoka, ikaja ya mbao mbichi za saiprasi na ya vanishi. Alitengeneza meza ambayo ukiishusha inakuwa kitanda, rafu yenye mwanya wa kila sahani, na makabati ambayo kingo zake alizichonga zikawa za mviringo, zisije zikamuumiza mtu kichwa gari likiyumba. Mama alishika mbao huku yeye akizikata. Ubao ukicheza, alimpiga kwa chochote kilichokuwa mkononi: rula ya chuma, mpini wa nyundo, ubapa wa msumeno. Siku alipomaliza droo ya vijiko alimwita aione. Iliingia na kutoka bila sauti. Alimwambia atie mkono apapase ndani, aone jinsi alivyoipiga msasa. Mama akatia. Baba akaifunga kwa nyonga, kwa nguvu, akaiegemea huku akimtazama usoni.

"Inafunga sawasawa?" aliuliza.

"Inafunga sawasawa," alisema Mama.

Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena maishani mwake.

Nami nilipata zangu. Sikio langu la kushoto linasikia nusu tu ya yanayosemwa, kwa sababu ya kofi nililopigwa nilipomwaga gundi. Watu wazima walijua. Mjomba Wafula, kaka yake Mama, aliyekuwa na kipande cha shamba ng'ambo ya kijito, alikuja na wazee wawili kulizungumza jambo hilo. Wazee waliingia karavanini, wakasifu makabati, wakanywa chai, wakasema kwamba Mama avumilie, mume akishapata safari yake akili itatulia. Walipoondoka, Mama alipigwa kwa sababu ya sukari waliyoitia kwenye chai.

Mapazia ndiyo yaliyobaki mwisho. Baba alikuwa tayari ametia magurudumu mapya na kuahidiwa gari la kukokotea. Mama alishona mapazia ya maua mekundu, akayafua, na pazia moja lilipokauka likawa limerudi, likaacha mwanya chini ya dirisha. Baba aliinama akachungulia mwanya huo. "Watu watatuona tukiwa ndani," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akamshika Mama kisogo na kumgongesha paji la uso kwenye ukingo wa kabati, tena na tena, bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari ambao hataki upinde. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kando ya meza, damu ilinifikia. Aliacha kumpiga pale tu alipoona damu imetiririkia mezani, akachukua kitambaa na kuanza kuifuta meza kabla haijaingia kwenye vanishi. Nilimruka Mama aliyekuwa sakafuni, nikakimbia kwenye mahindi, nikavuka kijito, nikamwambia Mjomba kwamba Mama atakufa. Safari hii Mjomba hakwenda kuita wazee. Alipanda basi kwenda Matungu kumchukua Kukhu, bibi yangu, aliyewazaa yeye na Mama.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Na lililo zito kuliko yote ni kwamba mwanamume haingii mahali anapolala mama mkwe wake, wala hakioni kitanda chake. Ndiyo maana Kukhu hakuwahi kukanyaga kwetu tangu Mama aolewe. Alifika alasiri ya siku ya pili, mwanamke mfupi, mkavu, miguu imejaa vumbi, wakati Baba amekwenda kulifuatia lile gari. Hakuketi wala kunywa maji. Aliutazama uso wa Mama, ambao jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe, akauliza, "Mtu huyo analala wapi?"

Mama alionyesha nyumba.

"Na kile cha bati?"

"Hicho hajakilala, Mama. Anataka akilale kwanza huko msituni."

Kukhu alipanda ngazi ya karavani. Alivua kitambaa cha kichwa, akavua gauni, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye rafu ya sahani, akalala chali juu ya kitanda cha Baba na kujifunika shuka mpya hadi kidevuni. Mama alisimama mlangoni akimtazama. Kukhu angelala nyumbani, Baba angehamia karavanini na kumngoja aondoke. Lakini hapa, Baba asingekanyaga tena! Polepole midomo yake iliyopasuka ikafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Likuyani nikamsikia mama yangu akicheka, mkono ameuweka mbavuni kwa maumivu.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimechokeshwa na basi," alisema Kukhu. "Ingia, unatuletea nzi." Kisha akaniita mimi. "Nasambu, wewe kaa hapo ngazini. Wewe ndiye mdomo wangu."

Baba alirudi jua likiwa bado juu ya miti. Alikuta nyumba tupu, jiko limepoa. Tulisikia pipa la maji likipinduliwa, kisha banda la kuku likivunjwa, kisha akatokea na mtaimbo, shati limemganda mgongoni. Nilikuwa kati yake na mlango.

"Nasambu," ilisema sauti ya Kukhu nyuma yangu, tulivu, "mwambie baba yako kwamba mama mkwe wake amefika salama."

Baba aliganda. Macho yake yaliteremka ardhini kwa ghafla, kama yamekatwa. Sikuhitaji kurudia maneno. Alikuwa ameyasikia vizuri. Lakini alinisubiri, na nikayarudia.

"Mwambie karibu," alisema. Kisha, kwa nguvu: "Mwambie nitamchinjia ingokho, kuku wa heshima. Lakini mke wangu atoke humo."

"Mwambie mke wake ananikanda miguu."

"Mwambie hiyo karavani ni yangu! Kila ubao, kila msumari!"

"Basi mwambie aingie achukue misumari yake," alisema Kukhu. "Na umwambie nimelala kitandani kwake, na gauni nimevua."

Uso wa Baba ulibadilika rangi. Alipiga hatua moja mbele, mtaimbo umeinuliwa, nikaiona mishipa ya shingo yake, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa palepale. Mama alinivuta ndani kwa gauni langu na kutia kikomeo. Hapo ndipo Baba alipoanza kupiga. Alipiga bati, akazunguka karavani yote, na kila pigo lilipasua rangi na kutoboa tundu la mwangaza, na ndani ilikuwa kama kukaa katika ngoma. Sahani ziliruka kutoka kwenye mianya yake. Vanishi ilimwagika. Lakini nilimwona kupitia mwanya wa pazia: kila alipofika penye dirisha aligeuza uso pembeni, akapita, akaanza tena kupiga mbele yake. Mlango hakuugusa. Kukhu alikuwa akikoroma, au alijifanya.

Leo ninaishi Amalemba, mjini Kakamega, na katika mtaa wetu mama wakwe huja kukaa mwezi mzima, hukaa kochi moja na wakwe zao wakitazama televisheni, wakipakuliana mboga. Sioni ubaya. Sitaki kuipamba mila ile. Ni mila hiyohiyo iliyowaleta wazee wa chai na neno lao la kuvumilia. Sasa tuna sheria, tuna kituo cha polisi, tuna karatasi ya daktari. Hata hivyo, mwaka uliopita jirani yangu alipigwa mpaka akazirai, nasi sote tulikuwa na namba za kupiga simu, na mume wake alifungua milango yote ya nyumba ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia. Nilisimama kwenye ngazi zao na sheria yote niliyosoma, nikatafuta neno ambalo lingemfanya ateremshe macho. Sikuwa nalo.

Giza lilipokaribia, Baba alichoka, akakaa chini kwenye majani. Mjomba alikuja nyuma ya karavani, tukazungumza naye kupitia dirisha. Kukhu alishauri tutoke mapema kesho, twende kwa miguu hadi barabarani tukapande basi. Mama alikataa. Alisema akishakanyaga majani yale, yeye ni mke wa mtu ndani ya ua wa mtu, na hatafika langoni. "Humu niko nyumbani kwa mama yangu," alisema. "Sishuki."

"Sasa mtaishi hapa mpaka lini, dada?" aliuliza Mjomba.

"Una maksai," alisema Mama. "Hii nyumba ina magurudumu."

Asubuhi, umande ukiwa bado mzito, Mjomba aliingiza maksai wake wanne uani, akafunga minyororo kwenye mkono wa chuma wa kukokotea, bila kuomba ruhusa ya mtu. Baba alikuwa amesimama katikati ya njia inayopita kwenye mahindi, miguu ameitanua.

"Wafula! Hiyo ni mali yangu!"

"Ichukue, shemeji," alisema Mjomba. "Mwenyewe yuko kitandani."

Aliwapigia maksai mluzi. Karavani ilitikisika, ikang'oka kutoka kwenye udongo, ikaanza kwenda. Mama alikaa sakafuni akinishika kwa mkono wake mzima. Baba hakuondoka mpaka pembe za maksai zilipokaribia kifua chake. Ndipo Kukhu alipokaa kitako kitandani, mabega wazi, akalitazama dirisha la mbele. Baba alifunika uso kwa mikono yote miwili, akageuka, akaingia kwenye mahindi. Nilimfuata kwa macho. Hakuonekana, ila mbelewele za mahindi zilikuwa zikitikisika kwa mstari mmoja kando yetu, zikienda mwendo wetu, zikiharakisha tulipoharakisha, hadi mwisho wa shamba. Hapo zikatulia. Sisi tukateremka kuelekea kijitoni, kwa Mjomba.