Historia Niliyoisimulia kwa Wakwe

Kusoma historia kumenigharimu mahari mara mbili, na mwanangu Elia bado hajaoa.

Mimi huuza mitumba sokoni Moshi, bei hainitishi. Tulipopanga kwenda Sanya Juu kumposea Elia, niliapa wakwe watatambua ukubwa wa ukoo wetu kabla hawajataja mahari. Nikasoma kitabu cha shule kisicho na jalada, kumbukumbu za mmisionari nilizopata duka moja la Mhindi lilipofungwa, kisha nikamhoji bibi yangu kule Rau. Kila jambo nililikagua mara mbili, kama noti.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipozunguka, nikasimama. Nikasimulia jinsi babu wa babu yangu alivyovuka mto na kurudi na ng'ombe kumi na wawili.

"Kumi na wawili kamili!" nikasisitiza. "Kitabu kimesema, bibi naye kasema!"

Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikadhani ananipa moyo, nikaongeza sauti.

Mzee wa upande wa binti akaweka kata yake chini. "Baba Elia, mto upi huo?"

Nikautaja kwa fahari.

"Basi ng'ambo yake ndiko kwetu," akasema. "Miaka yote tunasema tuliibiwa, ila shahidi hatukuwa naye. Leo kaja mwenyewe, tena kahesabu."

Walicheka sana, lakini dai hawakulifuta. Elia ataoa, hilo sirudi nyuma. Ila ninyi mnaojua kupatana, nishaurini: ng'ombe wa zamani hizo hulipwa pamoja na ndama wao?