Mjane Aliyenifuata Nyuma ya Pazia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa mtaani kwetu Majengo, kikundi chetu cha maigizo kilicheza tamthilia ukumbini. Nilikuwa binti mbichi bado. Niliigiza mjane anayefukuzwa na mashemeji. Nikalia, nikagaagaa, ukumbi mzima ukalia nami. Sifa zikanilevya. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tulipomaliza, mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi akanifuata nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi Mama Agatha, nakaa Bombambili. Umelia vizuri, binti. Sasa mjane mwenyewe ndiye mimi. Kesho shemeji zangu wanakuja kunitoa nyumbani na wanangu. Utakuja kunililia na kule?"

Nikamwuliza nyumba yake ilipo. Maneno yale yaliniingia kama mwiba.

Asubuhi nikaenda na wenzangu wawili wa kikundi. Tulimkuta ameketi kizingitini na wanawe. Mashemeji wakafika na gari la mizigo. Pale hapakuwa na mtu wa kuninong'oneza la kusema. Hata hivyo nikasimama mlangoni.

"Wewe msanii, haya mambo ya ukoo," akasema kaka yao mkubwa. "Nenda kacheze ukumbini kwenu."

"Ukoo gani unaolaza watoto wake nje?" nikamjibu.

Majirani wakasogea, wengine walikuwa wameniona jukwaani jana yake. Mzee mmoja akawakemea mashemeji kwa Kingoni, lugha ya kwao, wakainamisha vichwa. Baiskeli na cherehani za marehemu mumewe waliondoka nazo, hatukuweza kuwazuia. Nyumba ikabaki.

Tangu hapo nimepanda majukwaa mengi, na televisheni zilipoingia nchini sura yangu ikajulikana hadi Dar es Salaam. Lakini sikuacha kusimama na wajane, hata kuwasindikiza mahakamani. Wapo walioshinda, wapo walioshindwa. Mimi mwenyewe nilinyimwa kazi kwa sababu ya mdomo huu. Sijutii.

Mwanangu, ukijaliwa kipaji cha kugusa mioyo, usiishie kwenye makofi. Ukimsemea mnyonge, pajue anapolala, nenda ukabishe hodi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mungu akupe sauti isiyokauka, na miguu isiyochoka kwenda inakoitwa. Nenda, mwanangu, ubarikiwe wewe na uzao wako.